Kodi zetu Illinois zinakwenda wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi naishi Moline, Illinois, ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi. Kila mshahara nakatwa kodi ya jimbo 4.95%, nikienda dukani nalipa tena, na kodi ya nyumba huku inatisha. Lakini kila mwaka nasikia jimbo lina nakisi, mara wanafuta huduma, mara wanapandisha ushuru. Kule nilikotoka tungesema tu kwamba wakubwa wamekula. Huku nako ni hivyo hivyo? Na hii pensheni ninayokatwa, nitaikuta kweli?"

Jibu: Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo mawili, nami nitaanza na hilo la kula kwa sababu naona ndilo linalokuchoma zaidi.

Illinois imekuwa na wala rushwa wakubwa, hilo halina ubishi. Gavana Rod Blagojevich alihukumiwa kifungo cha miaka 14 mwaka 2011. Michael Madigan, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa zaidi ya miaka 30, alipatikana na hatia ya rushwa Februari 2025 akapewa miaka saba na nusu. Hata hivyo, ukizijumlisha hongo zote zilizotajwa katika kesi hizo, hazifiki gharama ya kuliendesha jimbo kwa siku moja. Shimo lililoko kwenye bajeti lilichimbwa mchana kweupe, kwa kura za wabunge wa vyama vyote viwili, na magavana wa vyama vyote viwili wakatia saini. Walichokifanya, mwaka baada ya mwaka, ni kupokea huduma leo na kumwachia bili mlipakodi wa kesho. Wewe ulipofika Moline ulikuta bili hiyo imeshafika mezani.

Tazama mwaka wa fedha ulioanza Julai 1, 2025. Matumizi ya hazina kuu ya jimbo ni takribani dola bilioni 55. Zaidi ya bilioni 10 kati ya hizo zinakwenda kwenye mifuko ya pensheni, karibu dola moja katika kila tano. Na sehemu kubwa ya hizo bilioni 10 hailipii kazi inayofanywa mwaka huu. Inalipia kazi aliyoifanya mwalimu wa Peoria mwaka 1988, ambayo fungu lake halikuwekwa wakati ule. Ndiyo maana unalipa kodi na huoni kilichonunuliwa: kilichonunuliwa kilishatumika zamani.

Mifuko inayobebwa na jimbo ni mitano: wa walimu wa nje ya jiji la Chicago, ambao ndio mkubwa kuliko yote na unajulikana kama TRS, wa vyuo vikuu na vyuo vya jamii, wa watumishi wa jimbo, wa majaji, na wa wabunge. Wewe bila shaka umewahi kucheza mchezo, ule wa kutoa fungu kila mwezi. Mfuko wa pensheni unahitaji nidhamu ya namna hiyo hiyo. Mwalimu anakatwa 9% ya mshahara wake, jimbo linatoa la kwake, fedha zinawekezwa, na faida inazaa faida kwa miaka 30 au zaidi. Walimu hawajawahi kukosa zamu yao hata mwezi mmoja, maana wanakatwa kabla hawajauona mshahara. Aliyekuwa akikosa ni mwanachama mkubwa kuliko wote.

Tabia hiyo ni ya siku nyingi. Walipoandika katiba mpya ya jimbo mwaka 1970, mifuko ilikuwa tayari na upungufu, na wajumbe wakalijua hilo. Wakaweka kifungu kinachosema kuwa uanachama katika mfuko wa pensheni wa serikali ni mkataba, na mafao yake hayawezi kupunguzwa wala kudhoofishwa. Walidhani kifungu kile kitawatia adabu wabunge wawe wanalipa. Hakikuwatia adabu. Kililinda mafao, lakini hakikumlazimisha mtu yeyote kuweka fedha.

Mwaka 1994, chini ya Gavana Jim Edgar, bunge likapitisha mpango wa miaka 50: ifikapo 2045 mifuko iwe na 90% ya fedha inazodaiwa. Ukiusoma juu juu unauona ni mpango wa watu makini. Ukiuingia ndani unakuta kwamba miaka 15 ya mwanzo michango ilipangwa kuwa midogo, ikipanda polepole, na mzigo wenyewe ukasukumwa mbele kwa magavana ambao wakati ule walikuwa hata hawajaingia kwenye siasa. Malipo ya miaka ile ya mwanzo hayakutosha hata kuzuia deni lisikue. Kwa maneno mengine, sheria iliyopigiwa makofi kuwa ni ya kulipa deni iliruhusu deni liongezeke kwa miaka mingi, na kila mwaka maofisa wakaweza kusema kwa haki kabisa kwamba wamelipa kile sheria inachotaka.

Hata huo mpango mwepesi haukufuatwa. Mwaka 2003 Blagojevich alikopa dola bilioni 10 kwa kuuza hatifungani. Bilioni 7.3 ziliingia mifukoni kweli, lakini sehemu kubwa ya zilizobaki ilitumika kulipia michango ambayo jimbo lingepaswa kuitoa kwenye bajeti yake ya kawaida. Halafu kwa miaka ya fedha 2006 na 2007 wakajipa likizo, wakapunguza michango kwa jumla ya takribani bilioni 2.3. Mwaka 2008 masoko ya hisa yakaanguka na uwekezaji wa mifuko ukapukutika. Mwaka 2010 na 2011 wakakopa tena mabilioni ili kulipa mchango wa mwaka, ambao nao ulikuwa mdogo kuliko uliohitajika.

Sasa nikuonyeshe kwa hesabu kwa nini jambo hili haliishi. Deni la mifuko hiyo mitano, yaani pengo kati ya mafao yaliyoahidiwa na fedha zilizopo, ni zaidi ya dola bilioni 140. Mifuko hupanga mahesabu yake kwa kukadiria kwamba fedha zilizowekezwa zitazaa karibu 7% kwa mwaka. Fedha ambazo hazipo hazizai chochote, kwa hiyo pengo linakua kwa kiwango hicho hicho. Chukua 7% ya bilioni 140: ni bilioni 9.8. Kabla hujaajiri mwalimu mmoja mpya, kabla hujamwongezea mstaafu senti, jimbo linahitaji karibu bilioni 10 kwa mwaka ili deni libaki pale lilipo. Linganisha na zile bilioni 10 na kitu nilizokutajia. Jimbo linakimbia kwa nguvu zake zote na halitoki mahali lilipo.

Na hiyo 7% yenyewe ni makadirio tu. TRS ilikuwa ikikadiria 8.5% hadi mwaka 2012, ikashusha hatua kwa hatua hadi 7% mwaka 2016. Kushusha ni uaminifu, kwa sababu masoko hayatoi tena faida za miaka ya tisini. Lakini kila nukta inayoshushwa inaongeza mamia ya mamilioni ya dola kwenye mchango wa jimbo wa mwaka unaofuata. Gavana Bruce Rauner na watu wake walilalamika sana mwaka ule wa 2016 kwamba bodi ya mfuko imewatibulia bajeti. Bodi ilikuwa sahihi. Makadirio ya juu ni njia nyingine ya kukwepa kulipa, na wapiga kura wengi hawaioni.

Upande wa mafao kuna kitu kimoja ambacho watetezi wa walimu hawapendi kikitajwa, nami nakitaja kwa heshima. Wastaafu walioanza kazi kabla ya 2011 wanaongezewa 3% kila mwaka, na nyongeza hiyo inapigwa juu ya nyongeza iliyotangulia. Pensheni ya dola 50,000 baada ya miaka 24 inakuwa zaidi ya dola 101,000. Kama nyongeza ingekuwa 3% ya kiwango cha mwanzo tu, ingefika 86,000. Ahadi hiyo ilitolewa kihalali, na walimu wakapanga maisha yao kwa kuitegemea. Mwalimu wa TRS hana hata Social Security, pensheni ya serikali kuu, kwa kazi yake ya ualimu, hiyo pensheni ndiyo kila kitu kwake. Kosa ni la walioahidi na wasiweke fedha za kuitimiza ahadi.

Je, hawawezi kubadilisha mafao? Ndugu zetu wa Tanzania wanakumbuka vurugu za kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu: kanuni mpya mwaka 2018, ikasitishwa mwaka huo huo baada ya malalamiko, kisha mwaka 2022 likaja fungu la mkupuo la 33%. Kule serikali ilikuwa na nafasi ya kupindisha kalamu. Illinois haina. Desemba 2013 Gavana Pat Quinn alisaini sheria ya kupunguza nyongeza za wastaafu. Mei 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta, majaji wote kwa sauti moja. Wakasema kwamba hali ya dharura haiwezi kutumiwa kuvunja katiba, hasa dharura ambayo bunge lenyewe liliiandaa kwa kutolipa. Kilichobaki ni kuwabana wapya. Walioajiriwa kuanzia Januari 1, 2011 wamewekwa kundi la pili, Tier 2 kwa lugha ya makaratasi yao, wenye mafao madogo zaidi na umri mkubwa zaidi wa kustaafu. Wamebanwa kiasi kwamba sasa kuna wasiwasi kuwa mafao ya baadhi yao yatakuwa chini ya yale ya Social Security, jambo ambalo sheria ya Marekani hailiruhusu kwa watumishi waliotolewa kwenye Social Security. Kulirekebisha hilo kutagharimu fedha, nazo zitatoka kwenye hazina hiyo hiyo.

Nimekaa kwenye pensheni kwa muda mrefu kwa sababu ndicho kiini. Lakini upande wa mapato nao una lawama zake.

Katiba ile ile ya 1970 inalitaka jimbo litoze kodi ya mapato kwa kiwango kimoja kwa watu wote. Wewe unakatwa 4.95%, na bilionea wa Chicago anakatwa 4.95%. Sehemu kubwa ya ukuaji wa kipato Marekani kwa miaka 40 iliyopita imekwenda kwa walio juu, na jimbo halina namna ya kuwafuata huko isipokuwa kwa kumpandishia kila mtu, pamoja na wewe. Novemba 2020 wananchi waliulizwa kama katiba ibadilishwe ili viwango vipande kadiri kipato kinavyopanda. Takribani 53% walikataa. Binafsi naona walikosea, lakini naelewa kwa nini: baada ya yote waliyoyaona, hawakuwaamini wabunge kuwapa kalamu ya kupanga viwango.

Kodi ya mauzo nayo ni ya zama nyingine. Kiwango cha jimbo ni 6.25%, na kinatozwa kwenye bidhaa. Ukinunua viatu unalipa, ukinunua friji unalipa. Ukienda saluni kusukwa, ukimlipa wakili au mhasibu, hakuna kodi ya mauzo ya jimbo. Matumizi ya watu yamehama kutoka vitu kwenda huduma, na kodi imebaki kwenye vitu. Isitoshe, Illinois haitozi kodi ya mapato kwenye pensheni za aina yoyote, hata ya mstaafu mwenye dola laki moja na zaidi kwa mwaka. Watu wanazidi kuzeeka, vijana wengine wanahamia Texas, Florida na Indiana, na sensa ya 2020 ilionyesha idadi ya watu imepungua kidogo ikilinganishwa na 2010, mpaka jimbo likapoteza kiti kimoja katika Bunge la Marekani. Wanaobaki kwenye wigo wa kodi ni watu wa umri wa kufanya kazi, kama wewe.

Sasa utauliza: katiba haidai bajeti iwe na uwiano? Inadai. Matumizi yaliyoidhinishwa hayatakiwi kuzidi fedha zinazokadiriwa kupatikana mwaka huo. Jimbo haliwezi kuchapa noti kama Washington. Lakini mizani hiyo huhesabiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu zina mianya. Kwa miaka mingi sheria iliruhusu bili za Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, za mwaka huu zilipwe kwa bajeti ya mwaka ujao. Hospitali imeshamtibu mgonjwa, dawa zimeshatolewa, lakini kwenye vitabu gharama haipo mpaka Julai. Bunge lilikuja kuubana mwanya huo mwaka 2012. Mwanya mwingine ni kuchota kwenye mifuko midogo maalumu, ya barabara, ya mazingira, kisha kuahidi kurudisha.

Yote haya yalilipuka kati ya Julai 2015 na Julai 2017, na kama unataka kuona bajeti iliyoelemewa inavyoonekana mtaani, soma habari za miaka ile miwili. Mwaka 2011 kodi ya mapato ilikuwa imepandishwa kwa muda kutoka 3% hadi 5%. Januari 2015 muda ukaisha, ikashuka hadi 3.75%, na mabilioni yakatoweka kwenye mapato. Mwezi huo huo Rauner, Mrepublican, akaapishwa. Alisema hatakubali kodi mpya mpaka bunge la Wademokrati wa Madigan likubali mageuzi yake, yakiwamo ya kudhoofisha vyama vya wafanyakazi. Madigan hakukubali. Bajeti haikupatikana kwa siku 736.

Wengi wanadhani jimbo lisilo na bajeti halitumii fedha. Illinois ilitumia, tena sana. Majaji waliamuru wafanyakazi walipwe, maamuzi ya kesi za zamani yakalazimisha Medicaid iendelee, na fedha za shule zilikuwa zimesainiwa peke yake. Sehemu kubwa ya matumizi iliendelea kwa amri za mahakama huku mapato yakiwa yamepungua. Walioachwa nje ni wale ambao hakuna jaji aliyewasemea: vyuo vikuu, wanafunzi wa kipato cha chini waliotegemea ruzuku ya karo ya jimbo iitwayo MAP, makazi ya wanawake waliokimbia kupigwa, huduma za wazee majumbani. Januari 2016 shirika la Lutheran Social Services of Illinois lilifunga programu 30 na kuondoa nafasi za kazi 750 kwa sababu jimbo lilikuwa linalitaka lifanye kazi na halilipi. Chuo Kikuu cha Chicago State kiliachisha mamia ya wafanyakazi. Hata bahati nasibu ya jimbo ikashindwa kulipa: kuanzia Oktoba 2015 mtu aliyeshinda zaidi ya dola 600 alipewa ahadi ya kulipwa baadaye. Tiketi ziliendelea kuuzwa.

Bili zisizolipwa zilifika karibu dola bilioni 16.7 mwishoni mwa 2017. Na hapa kuna jambo ambalo naomba ulitazame kwa karibu. Sheria ya Illinois inasema bili ikicheleweshwa kupita muda wake, jimbo litalipa riba ya 1% kwa mwezi, yaani 12% kwa mwaka. Basi kukazuka biashara kamili. Kampuni za fedha zilizosajiliwa na jimbo zilimfuata mtoa huduma, tuseme mwenye kituo cha kutunza walemavu, zikamlipa 90% ya bili yake papo hapo. Kisha zikakaa kusubiri jimbo, na lilipolipa, riba ya uchelewaji ikawa yao. Mwenye kituo alipata pumzi, siwezi kumlaumu. Lakini mlipakodi alilipa zaidi ya dola bilioni moja za riba ambazo hazikununua hata kitanda kimoja.

Tarehe 6 Julai 2017 bunge lilitengua kura ya turufu ya gavana, Warepublican kadhaa wakiungana na Wademokrati, na kodi ikapanda hadi hiyo 4.95% unayokatwa. Miezi michache baadaye jimbo likauza hatifungani za bilioni 6 kwa riba ya takribani 3.5% ili kulipa bili zilizokuwa zikila 12%. Kwa kuwa Washington hurudisha karibu nusu ya kila dola ya Medicaid inayolipwa, bilioni 6 zile zilifuta bili nyingi kuliko bilioni 6. Ulikuwa mkopo wa busara, na ungekuwa wa busara zaidi mwaka mmoja na nusu kabla. Wakati ule Moody's na S&P, wanaopima uwezo wa serikali kulipa madeni, walikuwa wameishusha Illinois hadi ngazi moja tu juu ya daraja la mikopo isiyoaminika. Hakuna jimbo lililokuwa na alama mbaya kuliko hizo.

Kwa wasomaji wa Kenya, jambo hili linakaribiana na madeni ambayo kaunti hazijawalipa wakandarasi na wauza dawa, lakini chanzo ni tofauti. Kaunti nyingi hutegemea zaidi mgao kutoka Nairobi, ambao katiba ya 2010 inataka usipungue 15% ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na mgao ukichelewa kila kitu kinachelewa. Illinois hukusanya kodi zake kubwa yenyewe. Ilipochelewa kulipa, ilikuwa imejichelewesha.

Hali ya sasa ni nafuu, na ni haki kulisema hilo. Chini ya Gavana J.B. Pritzker malimbikizo ya bili yamerudi kwenye kiwango cha kawaida, mfuko wa akiba uliokuwa karibu mtupu umepita bilioni 2, na tangu 2021 alama za mikopo zimepandishwa mara kadhaa, jambo lililokuwa halijatokea kwa zaidi ya miaka 20. Sehemu ya unafuu ilitoka Washington: msaada wa korona wa 2021 uliipa serikali ya jimbo dola bilioni 8.1. Hizo zimekwisha.

Na Washington sasa inavuta upande mwingine. Sheria kubwa iliyosainiwa Julai 4, 2025 inahamishia majimbo gharama ambazo zilikuwa za serikali kuu. Gharama za kuendesha ofisi za SNAP, ile kadi ya chakula, majimbo yalikuwa yanalipa nusu. Kuanzia Oktoba 2026 yatalipa 75%. Kuanzia Oktoba 2027, jimbo ambalo makosa yake ya malipo yanafika 6% au zaidi litabeba sehemu ya chakula chenyewe, hadi 15% kwa yale yaliyofika 10% na kuendelea. Illinois ilikuwa juu ya 10% katika mwaka wa fedha 2024. Ikibaki hapo, ni mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Makosa haya mengi si wizi, ni fomu iliyojazwa vibaya, kipato kilichobadilika na hakikuandikwa. Sheria hiyo pia inabana kodi ambazo majimbo hutoza hospitali ili kuvutia fedha za Medicaid, na inadai mifumo mipya ya kukagua kama mtu anafanya kazi. Na kwa majirani zako Wakongomani wa Moline na Rock Island: mkimbizi ambaye hajapata green card ameondolewa kwenye SNAP. Waambie waliotimiza mwaka mmoja wasicheleweshe maombi ya green card.

Bajeti ya 2025 ilishaonyesha kisu kinaanzia wapi. Bima ya afya ya jimbo kwa wahamiaji wasio na makaratasi wa umri wa miaka 42 hadi 64 ilifutwa Julai 1, 2025, baada ya gharama zake kuzidi mno makadirio ya mwanzo. Pensheni haiguswi kwa sababu katiba inailinda. Hatifungani haziguswi kwa sababu zina sheria zake. Bajeti ikibanwa, anayepoteza ni yule ambaye hakuna mkataba unaomlinda. Hilo naliona ni baya kuliko tarakimu zote nilizokuandikia.

Kodi ya nyumba inayokutisha nayo inatoka humo humo. Jimbo likichangia shule kidogo, wilaya ya shule inamgeukia mwenye nyumba. Tangu 2017 kuna kanuni mpya ya mgao inayolenga kuongeza angalau dola milioni 350 kwa shule kila mwaka, na wilaya maskini zinatangulia. Imesaidia, lakini pengo lilikuwa la miongo mingi.

Tuje kwenye pensheni yako, na hapa nina habari njema. Wewe ni msaidizi wa mwalimu, si mwalimu mwenye leseni, kwa hiyo kwa kawaida hauko TRS. Angalia hati ya mshahara: kama kuna mstari wa IMRF wenye makato ya 4.5%, uko kwenye mfuko wa manispaa, kaunti na wilaya za shule. Mfuko huo una zaidi ya 90% ya fedha unazodaiwa, wakati mifuko mitano ya jimbo kwa pamoja haifiki hata nusu. Katiba ni ile ile, masoko ya hisa ni yale yale, wanasiasa ni wa jimbo lile lile. Tofauti ni kwamba IMRF ina nguvu ya kisheria ya kumlazimisha mwajiri alipe mchango wake wote kila mwaka, na mwajiri akigoma, mfuko unaweza kuzizuia fedha zake zinazotoka jimboni. Unakatwa na Social Security pia, hiyo ni nguzo ya pili. Na jimbo lenyewe haliwezi kutangaza kufilisika mahakamani, kwa sababu sheria ya Marekani inaziruhusu manispaa tu kufanya hivyo.

Kama uliajiriwa kuanzia Januari 1, 2011, uko kundi la pili. Unahitaji miaka 10 ya kazi ndipo uwe na haki ya pensheni, na pensheni kamili ni ukifika miaka 67. Ukiianza mapema, ukiwa na 62, inapungua nusu asilimia kwa kila mwezi uliobaki kufika 67, yaani unapoteza hadi 30%. Wengi hapo kwenu huvuka mto kwenda kufanya kazi Davenport, upande wa Iowa, na wakiacha kazi ya shule huomba warudishiwe makato yao. Ukifanya hivyo unapata ulichokatwa tu, unapoteza miaka yako yote na mchango wa mwajiri. Kama miaka 10 imetimia au iko karibu, ziache fedha zako humo, andikia IMRF anwani yako mpya, na uhakikishe jina la mrithi uliloandika siku ya kuajiriwa bado ndilo unalolitaka.